Acheni kuniuliza majirani walikuwa wapi

Juzi nilikuwa kwenye basi natoka Masasi, kaka wa siti ya pembeni akanisogezea simu. Picha ya mtoto kafungwa bandeji mikono yote miwili, imeshazunguka magrupu yote ya WhatsApp huku kusini. "Dada hebu ona huu unyama, hivi majirani walikuwa wapi jamani?" Nikamwambia kwanza futa hiyo picha, huyo mtoto ana shule ya kurudi, na darasani watamjua. Akafuta kwa kununa. Ila swali lake lilinikaa kooni mpaka nafika nyumbani, maana ndo hilo hilo naulizwa kila semina, kila kikao cha kata, na kila mgeni rasmi akishika maiki lazima aseme jamii ivunje ukimya, watu wanapiga makofi, tunagawiwa maji na soda, tunaondoka.

Ukimya upi?

Mi ni afisa ustawi wa jamii, huu mwaka wa kumi na moja niko mkoa wa Mtwara, halmashauri siitaji na sitaitaja. Kwenye zile kesi nzito zilizopita mikononi mwangu, nazungumzia mtoto aliyeteswa kwa muda mrefu mpaka karibu kufa, sikumbuki hata moja ambayo hakuna mtu aliyekuwa amesema. Hata moja. Kesi za mjomba au baba anayemwingilia mtoto ndani ya nyumba ni habari nyingine, huko ukimya upo na ni mzito, sibishi. Lakini mtoto anayepigwa na kuchomwa miezi na miezi hafichiki, analia, anachechemea, anaacha kuja shule. Watu wanaona na wanasema, tatizo ni kule wanakopeleka maneno.

Niwape mfano mmoja, nimebadilisha vitu vidogo ili asijulikane. Binti wa miaka 8, darasa la pili, anaishi na mama na baba wa kambo. Baada ya mambo kuharibika niliomba madaftari yote yaletwe ofisi ya mtendaji, nikayapanga mezani moja pembeni ya lingine. Rejista ya zahanati, Januari: ameungua maji ya moto mguuni, amesafishwa kidonda. Daftari la malalamiko la kijiji, Machi: jirani, mama mmoja muuza mihogo, kalalamika mtoto analia usiku, baba kaitwa kaonywa, "wamesikilizana". Mahudhurio ya shule, Mei: mtoro, wiki mbili, na mwalimu akafanya kazi yake vizuri tu, akaandika barua kwa mzazi, yaani aliyeandikiwa barua ndo mpigaji mwenyewe. Zahanati nyingine, kata ya jirani, Julai: kadondoka mkorosho, mkono umevunjika. Hiyo zahanati ya pili iko mbali kuliko ya kwanza na nauli ya bodaboda ni mara mbili, hakuna aliyejiuliza kwa nini wamevuka ya karibu.

Daftari la tano lilikuwa la kwangu. Septemba, mwandiko wangu mwenyewe: "Mgogoro wa matunzo. Mama anadai baba mzazi hatoi matumizi. Wameshauriwa." Mtoto alikuwepo siku hiyo, alikaa kwenye benchi mlangoni, nilimpa maji akashika kikombe kwa kukibana pembeni na mikono miwili bila kukunja vidole, na nilimwona, nikasema moyoni katoto kana aibu haka, nikaendelea na mambo ya shilingi ngapi kwa mwezi. Novemba ndo akaunguzwa mikono.

Kwa hiyo jirani alisema, mwalimu aliandika, zahanati ziliandika, na mi niliandika. Maandishi matano kwenye madaftari matano na hakuna aliyekuwa mwongo. Ila haya madaftari hayajawahi kukutana mezani mpaka siku ile, kila mmoja wetu alikuwa na kipande chake, na kipande kimoja kimoja hakiogopeshi mtu. Mguu kuungua? Watoto wanaungua. Utoro? Msimu wa kupulizia mikorosho salfa nusu ya darasa wako mashambani.

Hapa kwenye mikono naomba nikae kidogo maana ndo panaponikera kuliko pote. Kwenye rejista ya Novemba imeandikwa "ameungua mafuta ya korosho". Kwa mtu wa Dar hii inaweza kusikika kama uongo wa wazi, ila huku kwetu ni jibu linaloaminika kabisa. Ganda la korosho lina mafuta yanayobabua ngozi, anayebangua nyumbani bila kujipaka majivu au kuvaa chochote vidole vinachubuka vinakuwa vyeusi, na watoto wanabangua, tusidanganyane. Sasa angalia mkono. Mafuta ya korosho yanashika ncha za vidole na kiganja, pale unaposhikia korosho. Huyu binti alikuwa ameungua mpaka nyuma ya mikono, yote miwili sawasawa, na juu kwenye kifundo kuna mstari, juu ya mstari ngozi nzima, chini imetoka, kama vile kavaa glavu. Mtoto akimwagikiwa maji ya moto kwa bahati mbaya yanaruka, unakuta madoa madoa, huku pameungua sana na huku kidogo, kwa sababu mtu akiungua anajitoa. Mstari ulionyooka mikono miwili maana yake hakuweza kujitoa, kuna mtu alimshikilia.

Vilevile mtoto akianguka anaumia goti, ugoko, kiwiko, paji la uso. Akiwa na alama kwenye sikio, shingoni, mgongoni, mapajani kwa ndani, anza kuuliza. Hii haihitaji mashine, ni kumvua shati tu. Lakini nani anamvua mtoto shati wakati foleni iko mpaka kwenye mwembe na mganga ni mmoja? Simlaumu sana, na mi nilikuwa na benchi tupu siku ile na bado sikuangalia.

Halafu kuna neno hili: "adhabu ilizidi". Sijui ni nani alilileta ila limejaa kwenye kila jalada. Baba alikuwa anamwadhibu mtoto, adhabu ikazidi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza mateso na adhabu za kudhalilisha, ila hapo hapo inaacha nafasi ya mzazi kumrudi mtoto ilimradi isipite kiasi kulingana na umri na hali yake, na mashuleni kanuni bado zinaruhusu viboko visivyozidi 4. Ule utafiti mkubwa wa taifa uliofanyika 2009 ulikuta karibu robo tatu ya vijana walipata ukatili wa kimwili kabla ya kufika miaka 18. Robo tatu! Sasa mnataka mwenyekiti wa kitongoji, ambaye naye kalelewa kwa fimbo na kalea kwa fimbo, ajue kwamba huyu anayelia usiku ni tofauti na wengine wanaolia? Anapima kwa kipimo anachokijua, je fimbo zilikuwa nyingi kuliko kawaida. Na kuzamisha mikono ya mtoto kwenye sufuria sio adhabu iliyozidi, haikuanza kama adhabu ikateleza. Huyo mtu alichemsha maji, alisubiri yachemke. Mwenye hasira ya ghafla hasubiri maji yachemke.

Msidhani ni ushamba wetu au umaskini wetu. London, Februari 2000, alifariki binti wa miaka 8 anaitwa Victoria Climbié, kwao Ivory Coast, wazazi walimkabidhi kwa shangazi wa baba yake ampeleke Ulaya akasome. Hiyo stori si mnaijua? Hapa kila nyumba ina mtoto wa ndugu aliyeletwa "asome". Daktari aliyechunguza mwili alihesabu majeraha 128. Na nani alikaa kimya? Ndugu wa mbali alipiga simu ustawi kulekule. Mama aliyekuwa anamshikia mtoto alimpeleka hospitali kabisa, na hospitali daktari akasema alama ni upele. Upele! Yale yale ya mafuta ya korosho. Kisha ziara ya kwenda nyumbani ikaahirishwa watu wanaogopa kuambukizwa huo upele. Walipoona mtoto anasimama wima kama askari mbele ya huyo shangazi, kuna mhusika akachukulia ndo heshima ya familia za watu weusi. Ripoti ya uchunguzi ya 2003 ilihesabu nafasi zisizopungua 12 za kumwokoa zilizopotea. Wao wana magari, kompyuta, mafaili yenye namba. Mi naazimwa pikipiki ya idara ya kilimo ikiwa na mafuta.

Ile heshima inanikumbusha watoto wengi wa hapa. Mtoto anaingia ofisini anaamkia shikamoo kila mtu, anakaa hageuki, akiulizwa anamwangalia mzazi kwanza, na sisi tunasifia, mtoto ana adabu huyu. Siku hizi mtoto wa miaka 6 asiyegusa kitu chochote ofisini kwangu ananitia wasiwasi kuliko yule anayechora kwenye kalenda.

Mambo ya baada ya taarifa nitayapitisha haraka maana mnayajua. PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyejeruhiwa, ni muhimu kwa kesi ila matibabu ya dharura hayaisubiri, tibu kwanza, msimrudishe mtu polisi na kidonda. Dawati la jinsia na watoto, wengine wazuri sana, wengine wanahamishwa kila baada ya miezi sita. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo ila lazima aahidi kusema kweli, hiyo ipo tangu marekebisho ya 2016, na kuna kesi zimeanguka kwenye rufaa kwa sababu ahadi haikuandikwa tu. Mganga aliyejaza fomu kahamia mkoa mwingine. Nk nk.

Ila la mnada lazima niliseme. Kesi ikiwa Oktoba wazee wa pande mbili wanakaa, mjomba anaongea kwanza maana huku mjomba ndo mwenye mtoto, wanakubaliana baba wa kambo atoe kitu, naye anasema subirini mnada wa kwanza wa korosho. Hela ikiingia kupitia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ghafla mama hapokei simu yangu, mtoto "amesema alianguka". Na kwenye jalada inaandikwa kesi imekosa ushirikiano wa familia. Sasa familia ndo iliyomchoma, ulitegemea ushirikiano gani? Mtoto kukanusha nako watu wanachukulia ni ushahidi kwamba alidanganya mwanzoni. Mi naona ni mtoto aliyepiga hesabu ya nani atampa ugali wiki ijayo, na hesabu yake mara nyingi iko sahihi.

Tena sheria inamtaka mtu wa kawaida atoe taarifa serikali za mitaa, sawa, na hatua ya kwanza inayonipa mi ni kumuita mlalamikiwa tuzungumze. Kwa matunzo ya mtoto inafanya kazi vizuri. Kwa mtu anayechemsha maji, kumuita ni kumwambia kuna mtu kakusema, na jioni anarudi nyumbani kwa nani?

Sasa msidhani nina jibu. Yule binti tulimpeleka kwa bibi mzaa mama. Karatasi zote zinasema ndugu kwanza, makao ya watoto iwe mwisho, na nakubali, nimeona watoto wanaokulia kwenye makao. Familia za kuaminika tulizonazo zinahesabika kwa vidole na nyingine zimechoka. Ila bibi anakaa nyumba ya nne kutoka pale, na unga anaokula analetewa na nani? Na yule yule baba wa kambo. Bibi ananiambia "mwanangu, mi ntamlinda", na ananitengea ming'oko nile, na nakula, na sijui kama nimemlinda mtoto au nimemsogeza hatua hamsini tu. Mwaka mwingine niliwahi kumtoa mtoto kwa mama yake kwa haraka, ikaja kuonekana mifupa yake ilikuwa na shida ya kuvunjika kirahisi. Yule mama hanisalimii mpaka leo, tukikutana sokoni anavuka upande wa pili, na ana haki. Ile fomu ya kupima hatari naijaza, ninatiki, ila ukinibana ukweli ni kwamba mara nyingi nishaamua kabla ya kutiki.

Kinachosaidia, nilichoona kwa macho, ni kidogo na kinachosha. Ukitoa taarifa usiseme "kuna mtoto anateswa", hilo neno limechoka, mtendaji analisikia kila wiki. Sema Jumanne usiku nilisikia hivi, Ijumaa niliona alama nyuma ya sikio la kushoto, shule hajaenda tangu tarehe fulani. Sema pia kama ulishasema kabla, kwa nani, lini, akakujibu nini. Yule mama wa mihogo alisema Machi na akasema tena Agosti kwa balozi, balozi hana daftari, kwa hiyo Agosti haipo popote, nimeijua kwa kumuuliza tu nikiwa nanunua mihogo. Ukipiga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, anayepokea anakuandikia, na anachoandika hakikai kwenye kijiji chenu ambako mwenyekiti ni shemeji wa mtu. Ukiona wiki mbili zimepita kimya, piga tena na uanze kwa kusema hii ni mara ya pili. Mi ukinikuta ofisini nina foleni ya matunzo, nisumbue, niambie mvue mtoto shati.