Mafuta ya bangi kwa mtoto wa kifafa: maswali mnayoniuliza

Assalamu alaykum. Nafanya kazi na watoto spitali hapa Pemba, na maswali haya nayasikia mpaka nimechoka, kwa hiyo nayajibu yote leo.

Hii dawa ya maji ya bangi ya kifafa ipo kweli?

Ipo. Inaitwa kanabidioli, Marekani waliipitisha 2018 kwa aina chache za kifafa kikali cha watoto. Imetiwa kwenye mafuta ya ufuta, mililita moja ina miligramu 100, na hailevyi. Anaiandika daktari na ini linapimwa kwanza, hasa mtoto akiwa anatumia valproeti, dawa nyengine ya kifafa. Sasa yale majani yaliyochemshwa na mafuta ukaletewa na jirani kwenye kichupa cha dawa ya kikohozi, hiyo siyo dawa hiyo, hakuna anayejua mna nini humo, na bangi kwetu ni kosa la sheria.

Lazima anywe? Hakuna njia nyengine?

Anakunywa asubuhi na jioni kwa bomba la kupimia dawa lenye mistari, lisilo na sindano, amekaa, yuko macho, unatia taratibu upande wa shavu. Kijiko cha chai hakipimi kitu. Asiyeweza kumeza hupitishiwa kwenye mpira wa puani au wa tumboni, na spitali ndio wanaochagua mpira. Ipo na ya kupuliza chini ya ulimi, Uingereza waliipitisha 2010, lakini ile ni ya watu wazima wenye maradhi ya neva yanayokakamaza misuli, tena ina ile sehemu ya bangi inayolevya. Mtoto usimpulizie.

Degedege limeshamshika, nimtilie matone mdomoni?

Hapana. Jamani hapana! Si mafuta ya bangi, si habbasoda, si maji ya kombe, si kijiko cha kuzuia meno. Mtoto anayetetemeka hamezi, unachotia kinakwenda kwenye mapafu. Tunaletewa mtoto kanga ya mama imelowa mafuta kifuani, ufizi unatoka damu kwa kijiko, anakoroma kama ana maji ndani, na degedege lenyewe lilishakwisha zamani, kinachomuua sasa ni yale mafuta. Mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, ondoa vitu vigumu karibu yake, tazama saa. Mdomoni usitie kitu. Narudia, usitie kitu, hata bibi akikukasirikia.

Nikipata hayo mafuta niache fenobabitoni?

Usiache. Ukikata dawa ya kifafa ghafla degedege linaweza kuja moja juu ya jengine lisikatike.

Tulisubiri litulie kwanza, tulikosea?

Ndio, mlikosea. Likifika dakika 5, au likirudi kabla hajazindukana, ni gari hapohapo, iwe Wete, Chake Chake au Mkoani, usiku usiku. Na akiwa na homa hata likikatika lenyewe mlete, anaweza kuwa na malaria kichwani au homa ya uti wa mgongo, na hayo hayangoji asubuhi. Spitali ipo dawa ya kukata degedege, ya sindano au ya kutia njia ya haja kubwa, haipiti mdomoni kabisa.

Na kisomo je?

Kisomeni. Baba apakate mtoto kwa ubavu, mwengine asome, gari inakwenda.