Dhana potofu katika umakanika: kutoka sheria za Newton hadi fizikia ya kwanta

Mwanafunzi wa fizikia anaweza kukokotoa kasi ya jiwe linaloanguka, akatatua mlinganyo wa Schrödinger (mlinganyo mkuu wa fizikia ya kwanta, ile inayoeleza atomu na chembe zake) kwa chembe iliyofungiwa ndani ya kisanduku, akapata alama zote za mtihani, na bado akabaki na picha isiyo sahihi ya kile alichokikokotoa. Hiyo ndiyo sababu dhana potofu katika umakanika hudumu miaka mingi: hesabu peke yake haizikanushi. Nitazieleza zile ninazoona zina madhara makubwa zaidi, nikianza na umakanika wa Newton, kwa kuwa aliyeyashika vibaya mambo ya huko huingia nayo katika kwanta.

Dhana iliyokita mizizi kuliko zote ni kwamba kitu kinachokwenda lazima kiwe na kani inayokisukuma kuelekea kule kinakokwenda. Aristotle alifundisha hivyo, na maisha ya kila siku yanaonekana kumuunga mkono, kwani mkokoteni ukiachwa kusukumwa husimama. Ukweli ni kwamba unasimamishwa na msuguano. Sheria za Newton, zilizochapishwa mwaka 1687, zinasema kwamba kani hubadilisha mwendo. Kuudumisha mwendo hakuhitaji kani yoyote. Ukitaka kujua kama mwanafunzi amelielewa jambo hili, mwambie achore kani zinazotenda juu ya mpira uliorushwa juu wima, ukiwa umeshatoka mkononi na bado unapanda. Wengi huchora mshale unaoelekea juu, wakiuita kani ya mkono, kisha husema kwamba mpira ukifika kileleni kani zote husawazishana. Tukiacha upinzani wa hewa, kani iliyopo ni moja tu tangu mpira unapoachiwa hadi unapodakwa, nayo ni mvutano wa Dunia, na mchapuko ni mita 9.8 kwa sekunde mraba kuelekea chini wakati wa kupanda, kileleni na wakati wa kushuka. Kileleni kasi ni sifuri kwa nukta moja ya wakati. Kama mchapuko nao ungekuwa sifuri, mpira ungebaki ukining'inia hukohuko juu.

Watu wengi pia huamini kwamba wanaanga huelea kwa sababu huko juu hakuna mvutano. Chukua setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini jirani na Malindi, ikapewa jina hilo kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Ilizunguka katika kimo cha zaidi kidogo ya kilomita 500, na ukikokotoa mvutano wa Dunia kwa kimo hicho utaona kwamba unabaki takribani asilimia 85 ya ule wa usawa wa bahari. Mvutano huo ndio uliopinda njia yake. Bila huo setilaiti ingekwenda zake kwa mstari ulionyooka. Wanaanga nao huelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja kwa mchapuko uleule, hivyo sakafu haiwasukumi miguuni, na msukumo huo wa sakafu ndio ambao miili yetu huuhisi kama uzito.

Kuhusu sheria ya tatu ya Newton, kwamba kitu kikikisukuma au kukivuta kingine, hicho nacho hurudisha kani yenye ukubwa uleule kuelekea upande wa pili, nitasema machache. Uzito wa kitabu kilicho mezani na msukumo wa meza si jozi ya sheria ya tatu, hata kama vinalingana kwa ukubwa, kwa sababu vyote viwili vinatenda juu ya kitabu kimoja. Jozi ya kweli ni Dunia kukivuta kitabu na kitabu kuivuta Dunia. Kitabu kikiwa ndani ya lifti inayoanza kupanda, msukumo wa sakafu huzidi uzito, ilhali jozi za kweli hubaki sawa wakati wote.

Umakanika wa Newton unachukulia kwamba kila kitu, kila wakati, kina mahali kamili na momenta kamili (momenta ni tungamo ikizidishwa kwa kasi), na kwamba ukivijua vyote viwili pamoja na kani zilizopo unaweza kukokotoa mustakabali wake. Mwanafunzi huipokea dhana hii bila hata kuambiwa kwamba ni dhana, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye chimbuko la karibu kila kosa linalofuata.

Kanuni ya Heisenberg ya mwaka 1927, kwamba mahali na momenta haviwezi kuwa kamili kwa pamoja, huelezwa mara nyingi hivi: elektroni ina mahali na momenta kamili, ila sisi tukitaka kuiona hatuna budi kuipiga kwa fotoni, yaani chembe ya mwanga, nayo fotoni huivuruga. Maelezo haya yana asili ya heshima, kwani Heisenberg mwenyewe aliyatumia alipoifikiria hadubini ya miale ya gama. Hata hivyo, kanuni inayoandikwa vitabuni, kwamba mtawanyiko wa mahali ukizidishwa kwa mtawanyiko wa momenta haupungui nusu ya ħ (namba thabiti ya Planck ikigawanywa kwa 2π), ilithibitishwa mwaka huohuo na mwanafizikia Kennard kwa hisabati isiyohitaji fotoni wala kifaa chochote. Msingi wake ni umbo la wimbi ambalo kwanta hulitumia kuielezea elektroni: wimbi lililobanwa mahali padogo haliwezi kuundwa ila kwa kujumlisha mawimbi mengi yenye urefu tofauti, na kila urefu wa wimbi una momenta yake. Ukiandaa maelfu ya elektroni katika hali moja, kisha nusu ukazipima mahali na nusu nyingine ukazipima momenta, hakuna elektroni hata moja iliyovurugwa na kipimo kimoja kabla ya kingine, na bado mitawanyiko hiyo miwili itaitii kanuni.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote uko katika heli. Maji huganda, oksijeni huganda, hata hidrojeni huganda ikipozwa vya kutosha; lakini heli, katika kanieneo ya kawaida, hubaki kimiminika hata ikisogezwa karibu kabisa na sifuri halisi, na kuigandisha kunahitaji kanieneo ya takribani angahewa 25. Atomu zake ni nyepesi na huvutana kwa unyonge, kwa hiyo kuibana kila moja mahali pake kungeipa nishati ya mwendo inayozishinda nguvu za kuishikilia. Hakuna anayezimulika atomu hizo wala kuzipima, nazo bado hazitulii.

Hoja hiyohiyo huiondoa picha ya elektroni inayozunguka kiini kama sayari. Picha hiyo ilitumiwa na Bohr mwaka 1913 na ikatoa viwango sahihi vya nishati vya hidrojeni, ndiyo maana inang'ang'ania vichwani. Kwa sheria za sumakuumeme, elektroni inayozunguka hivyo ingepoteza nishati kwa mnururisho na kuangukia kiini katika muda wa kiasi cha sekunde 10⁻¹¹. Kinachoizuia ni kwamba kubanwa karibu na kiini hupunguza nishati ya umeme lakini huongeza nishati ya mwendo, na ukitafuta umbali ambapo jumla ya hizo mbili ni ndogo kabisa utapata takribani mita 0.53 × 10⁻¹⁰, ambao ndio ukubwa wa atomu ya hidrojeni. Isitoshe, katika hali ya chini kabisa ya hidrojeni, momenta ya mzunguko wa elektroni kuhusu kiini ni sifuri, jambo lisilowezekana kwa kitu kinachozunguka kwenye duara. Spini nayo, yaani momenta ya mzunguko ambayo elektroni inayo kwa asili yake, isichukuliwe kuwa elektroni inajizungusha kama pia ya kuchezea. Kama ingekuwa tufe dogo linalojizungusha, uso wake ungelazimika kwenda kwa kasi inayozidi ya mwanga.

Wengine hudhani basi kwamba kwanta imembatilisha Newton. Weka namba uone. Elektroni iliyobanwa ndani ya mita 10⁻¹⁰ ina mtawanyiko wa kasi usiopungua kilomita 580 kwa sekunde. Punje ya hindi ya gramu 0.3, ambayo mahali pake panajulikana kwa usahihi wa maikromita moja, inabanwa na kanuni ileile. Lakini hata kwa umri wote wa ulimwengu, miaka bilioni 13.8, mtawanyiko huo mdogo kabisa wa kasi ungeisogeza chini ya sehemu moja ya kumi ya maikromita. Mwanafizikia Ehrenfest alionyesha mwaka 1927 kwamba wastani wa momenta katika kwanta hubadilika kulingana na wastani wa kani, na hivyo sheria ya Newton inajitokeza yenyewe pale mitawanyiko inapokuwa midogo.

Dhana nyingine, inayoenezwa sana na watu wasiofundisha fizikia, ni kwamba akili ya mtazamaji ndiyo inayobadilisha hali ya chembe. Mwaka 2004 watafiti wa Vienna walipitisha molekuli za kaboni 70 katika kifaa cha kuonyesha mwingiliano wa mawimbi, wakazipasha moto hatua kwa hatua. Kadiri molekuli zilivyozidi kuwa na joto na kutoa fotoni, ndivyo michirizi ya mwingiliano ilivyofifia. Fotoni hizo hazikukusanywa wala kutazamwa na mtu. Ilitosha kwamba zilibeba habari za mahali molekuli ilipopita na kuzipeleka katika mazingira.

Nao ufungamano wa chembe mbili zilizo mbali, yaani hali ya kwanta inayoziunganisha hata zikitenganishwa, hautumi ujumbe kwa kasi inayozidi mwanga. Majaribio yaliyompatia Aspect, Clauser na Zeilinger Tuzo ya Nobel ya mwaka 2022 yalithibitisha kwamba matokeo ya pande mbili yana uwiano usioelezeka kwa nadharia yoyote ya sifa zilizofichika zisizoathiriana kwa mbali, kulingana na kipimo alichokitoa mwanafizikia Bell mwaka 1964. Hata hivyo, kila upande huona matokeo ya kubahatisha tu, na uwiano huonekana baada ya kuyalinganisha kwa njia ya kawaida ya mawasiliano.

Mwisho, si kweli kwamba kwanta ni ya vitu vidogo pekee. Ndani ya mashine nyingi za MRI, zinazopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kali, hospitalini kuna waya wa niobi na titani wenye urefu wa kilomita nyingi, uliopozwa kwa heli hadi takribani kelvini 4. Elektroni zake huenda jozijozi katika hali moja ya kwanta iliyoenea waya mzima, na mkondo wa umeme ukishaanzishwa huendelea kuzunguka kwa miaka bila chanzo chochote cha kuusukuma.