Kushusha joto la seli za CHO: lini, na hadi wapi

Sehemu kubwa ya dawa za protini zinazotumika leo, zikiwemo kingamwili kama trastuzumab inayotibu aina mojawapo ya saratani ya matiti, hutengenezwa na seli za CHO. Asili yake ni ovari ya hamsta wa China (mnyama mdogo wa jamii ya panya), na Theodore Puck ndiye aliyeanza kuzikuza, huko Colorado, Marekani, mwaka 1957. Kati ya mambo yote tunayoweza kuyarekebisha ndani ya tangi la kukuzia seli hizi, joto ndilo ninalolithamini kuliko yote.

Seli za CHO hugawanyika kwa kasi katika nyuzi joto 37. Zikishushwa hadi kati ya 30 na 33 haziuawi: nyingi husimama katika awamu ya G1 ya mzunguko wa seli, yaani kabla ya kuanza kunakili DNA ili zigawanyike, hula glukosi kidogo, hutoa taka za laktati na amonia kidogo, na huchelewa kufa. Tena, katika koo nyingi (yaani jamii za seli, kila moja ikiwa na chimbuko lake), kila seli huzalisha protini zaidi kwa siku, sababu mojawapo ikiwa ni kwamba mRNA ya protini hiyo, yaani nakala ya maagizo ya kuitengeneza, hudumu zaidi kabla ya kuvunjwavunjwa.

Hapa ndipo hesabu inapohitaji utulivu. Tuseme baridi inazidisha uzalishaji wa kila seli mara mbili. Ukishusha joto wakati tangi lina seli milioni 2 kwa mililita, ilhali zingefika milioni 8 kama ungesubiri, mavuno yako ya siku yatakuwa nusu ya yale ambayo hizo milioni 8 zingetoa hata bila kupoozwa. Ukichelewa mno nako, virutubisho vimepungua na seli zimeanza kufa. Ndiyo maana mimi hushusha pale ukuaji wa kasi unapokaribia ukingoni, huku nikifuatilia idadi ya seli hai na kiasi cha glukosi kila siku. Wakati huo oksijeni huyeyuka zaidi na seli huitumia kidogo, kwa hiyo mtiririko wa gesi hupungua, na pH nayo huhitaji kuangaliwa kwa karibu.

Zipo koo ambazo kila seli haiongezi chochote, hivyo napendekeza kujaribu kwanza katika chupa ndogo, kwenye nyuzi 37, 34, 32 na 30. Usipime wingi peke yake. Pima pia minyororo ya sukari iliyoshikamana na protini, kwani joto laweza kuibadilisha, na kwa dawa kama erithropoietini, inayochochea utengenezaji wa chembe nyekundu za damu, minyororo hiyo ndiyo inayoamua itakaa muda gani katika damu ya mgonjwa.