Kwa nini pikapu ya umeme ina mkono wa gia ilhali haina gia za kubadilisha?

Ndani ya Ford F-150 Lightning, pikapu ya umeme iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2022, kuna mkono wa gia mnene, wa kujaza kiganja, umesimama kati ya viti viwili vya mbele pale pale ulipozoeleka kwenye pikapu za mafuta. Egesha, bonyeza kitufe, nao unajilaza taratibu hadi unazama ndani ya konsoli. Sasa kunjua kifuniko cha mahali pa kuegemeza kiwiko, kilaze juu yake, na umepata meza bapa ya kuandikia risiti, kuwekea kompyuta au kulia chakula.

Mkono wa gia uliofungwa kwa vyuma kwenye giaboksi hauwezi mchezo huo. Huu unaweza kwa sababu huko chini hakuna kinachoushika isipokuwa waya. Ni swichi kubwa tu, na gari lenyewe halina gia za kubadilisha. Basi kwa nini upo?

Tuanze na kazi yake ya asili. Injini ya petroli au dizeli haiwezi kusukuma gari ikiwa imesimama. Lazima iwe tayari inazunguka, mara mia kadhaa kwa dakika, la sivyo inazimika. Juu nako ina kikomo chake, ukiipitiliza inaumia. Nguvu yake ya kufaa iko katikati, na kazi ya giaboksi ni kuibakiza hapo, gari liwe linaondoka, linapanda mlima au linakimbia. Tena injini huzunguka upande mmoja tu. Ili gari lirudi nyuma, gurudumu la ziada lenye meno huingizwa kati ya mengine ligeuze mwelekeo. Fimbo ya gia ilifika hadi ndani ya sanduku hilo, na ukiingiza vibaya ulihisi meno yakisagana kwenye kiganja.

Mota ya umeme haina ukaidi huo. Hutoa msukumo wake mkubwa tangu ikiwa imesimama tuli, na zipo zinazozunguka zaidi ya mara 15,000 kwa dakika, kwa hiyo uwiano mmoja wa meno unatosha kuanzia kuondoka hadi mwendo wa barabara kuu. Rivasi ndiyo inayofurahisha zaidi. Mota hizi hulishwa umeme wa awamu tatu zinazopokezana kujenga uga wa sumaku unaozunguka. Badilisha mfuatano wa awamu hizo, uga unazunguka kinyume, na gari linarudi nyuma. Hakuna chuma kilichohamishwa mahali pake. Inveta, yaani kifaa kinachougeuza umeme wa betri uwe wa kuzungusha mota, ndiyo inayofanya hivyo kwa amri ya programu.

Kusema haki, mkono wa gia ulishaanza kukosa kazi kabla ya umeme kufika. F-150 ya mafuta ya 2021 nayo iliuzwa na mkono huu huu unaojilaza, kwa sababu giaboksi yake ya otomatiki ilikuwa inaamriwa kwa waya. Umeme umemalizia tu. Siku hizi mbunifu wa ndani ya gari anaweza kuweka kidhibiti cha mwelekeo popote anapotaka, na ukizipitia pikapu za umeme zilizoko sokoni utaona kila kampuni imeutumia uhuru huo kivyake.

Rivian R1T, iliyotangulia kufika kwa wateja Septemba 2021, imekiweka kwenye kijiti kidogo upande wa kulia wa shina la usukani. Chevrolet Silverado EV nayo imekipandisha kwenye usukani, jambo lisilo geni kwa pikapu za Kimarekani, maana zamani hapo ndipo kilipokaa ili kiti cha mbele kiwe benchi la watu watatu. Tesla Cybertruck, iliyoanza kukabidhiwa wateja Novemba 30, 2023, haina kijiti wala mkono. Dereva anatelezesha kidole ukingoni mwa skrini ya inchi 18.5, juu kwenda mbele, chini kurudi nyuma. Skrini ikigoma, kuna vitufe vya akiba kwenye dari, karibu na kioo cha kutazamia nyuma.

Hivyo vitufe vya akiba vinanipa mashaka. Wanaovifikiria vidhibiti vya gari huuliza kwanza mkono wa dereva utajuaje bila macho. Chukua dereva anayerudi nyuma kufunga trela. Anasogea nusu mita, anasimama, anakwenda mbele kidogo ajiweke sawa, anarudi tena. Shingo imegeukia nyuma, jicho liko kwenye kioo cha pembeni. Mkono ulioshika kitu kigumu unahisi kila hatua bila jicho kuitwa. Kidole juu ya kioo laini hakina cha kuhisi, kwa hiyo jicho lazima lirudi mbele kuhakikisha.

Hata kitu cha kushika hakitoshi kama hakisemi kiko wapi. Aprili 2016 kampuni ya Fiat Chrysler iliita karakana magari yapatayo milioni 1.1, yakiwemo ya Jeep Grand Cherokee, kwa sababu ya mkono wa gia wa kielektroniki uliokuwa ukirudi katikati kila unapouachia. Uwe kwenye P (kuegesha), R (rivasi) au D (kwenda mbele), mkono ulisimama vile vile. Kuna madereva waliodhani wameegesha, wakashuka, gari likaondoka lenyewe. Mkono haukuwa mbovu, ulifanya kama ulivyobuniwa. Kilichokosekana ni ile taarifa ambayo fimbo ya zamani iliitoa bila kuombwa, kwa kukaa tu pale ulipoiacha.

Sheria nayo inashikilia yake. Kanuni ya usalama ya Marekani inayotumika kwa magari mapya tangu 1968 inataka nyutro (N), yaani hali ambayo magurudumu hayasukumwi upande wowote, ikae kati ya rivasi na mwendo wa mbele. Kabla ya hapo kulikuwa na magari ya otomatiki yaliyoiweka rivasi ng'ambo kabisa, jirani na gia ndogo ya mbele, na dereva aliyezoea gari moja alishtukia lingine linakwenda asikotaka. Ndiyo maana hata ambako hakuna giaboksi, mpangilio wa P, R, N, D unaendelea. Mota haiuhitaji. Anauhitaji mtu aliyeazima gari la jirani.

Ukishaelewa hilo kwa mkono wa gia, utaliona kila mahali ndani ya gari. Usukani wa Cybertruck, kwa mfano, haujaungwa na magurudumu kwa mhimili wa chuma. Unatuma ishara kwa mota zinazogeuza magurudumu, na mota nyingine inaurudishia usukani uzito kidogo ili mikono ihisi kuna kitu. Kwa kuwa kila kitu ni hesabu, kampuni imeamua kwamba kwenye mwendo mdogo usukani ugeuze magurudumu kwa ukali, na kwenye mwendo mkubwa kwa upole. Kutoka mwisho mmoja hadi mwingine haumalizi mzunguko mmoja, kwa hiyo dereva hana haja ya kupishanisha mikono. Hapo ndipo unapoelewa walikopata ujasiri wa kuondoa kijiti cha indiketa na kuweka vitufe juu ya usukani wenyewe. Kwenye usukani wa kawaida unaozungushwa mara mbili tatu, kitufe kinahama nao, na katikati ya mzunguko wa barabara hujui cha kushoto kimefika wapi. Kwenye usukani usiohama sana, kasoro hiyo inapungua. Bado naona kijiti ni bora, lakini walau kuna mantiki.

Pedeli ya breki nayo imebaki na kazi pungufu. Ukiinua mguu kwenye pedeli ya kuongezea mwendo, mota inageuka kuwa jenereta, inarudisha umeme kwenye betri na kulivuta gari nyuma. Mvuto huo ukipangwa kuwa mkali, dereva anaweza kwenda na kusimama kwa pedeli moja sehemu kubwa ya safari. GMC Hummer EV imeongeza na kipande cha kuvuta kwa vidole nyuma ya usukani, ukitaka mvuto zaidi papo hapo.

Sasa tuje kwenye skrini, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Kitufe kinadai kalibu, waya, soketi, majaribio na mtu wa kukifunga kiwandani, na kikishafungwa hakibadiliki. Skrini moja inabeba kazi mia, na kazi ya mia na moja inakuja baadaye kwa intaneti. Kwa mhasibu hakuna mjadala. Rivian imekwenda mbali kiasi kwamba hata mwelekeo wa upepo wa kiyoyozi unapangwa kwenye skrini ya inchi 16. Matundu yanasogezwa na mota ndogo, na dereva anaburuta alama kwa kidole. Mimi hili silikubali. Kugeuza tundu la upepo lisikupulize machoni ni kazi ya nusu sekunde kwa kidole gumba.

Pikapu inazidisha tatizo kuliko gari dogo la mjini. Kwanza glavu. Skrini hizi huhisi badiliko dogo la umeme ambalo ngozi inasababisha juu ya kioo, na glavu nene ya kazi inalizuia. Kidole kikilowa, maji nayo yanaichanganya skrini. Pili barabara. Kwenye makorongo mkono ulionyooshwa hewani unarushwa huku na huku, na alama ya ukubwa wa ukucha inakosewa, ilhali kitasa unakishika kwanza, mkono ukatulia juu yake, ndipo ukakizungusha.

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2013, ilipendekeza kila mtupo wa jicho kwenye kifaa cha ndani usizidi sekunde 2, na kazi nzima isizidi jumla ya sekunde 12. Kwa kilomita 100 kwa saa, sekunde 2 ni zaidi ya mita 55. Mwaka 2022 jarida la magari la Sweden, Vi Bilägare, lilipima muda wa kufanya kazi nne za kawaida kwenye magari mapya 11, likaongeza na Volvo V70 ya 2005 yenye vitufe vitupu. Volvo hiyo kuukuu ilimaliza kwa sekunde 10. Gari lililoshika mkia lilitumia karibu 45, na kwa mwendo wa kilomita 110 kwa saa lingekuwa limevuka zaidi ya kilomita moja na robo.

Ford yenyewe ilitafuta njia ya kati. Kwenye skrini ya wima ya inchi 15.5 ya Lightning za bei ya juu, kitasa halisi cha sauti kimebandikwa juu ya kioo. Na kwa wanaovuta trela kuna kitasa kingine kinachofaa kusifiwa. Kurudi nyuma na trela huwavuruga wengi kwa sababu usukani hugeuzwa kinyume na trela inakotakiwa kwenda. Hapa dereva anauachia usukani, anazungusha kitasa kuelekea upande anaoutaka, na gari linajipigia usukani lenyewe.

Shinikizo la kurudisha vitufe limefika hadi kwenye nyota za usalama. Euro NCAP, taasisi inayopima usalama wa magari Ulaya, imebadilisha vigezo kuanzia 2026 ili gari lisilo na vidhibiti vya kushikika vya indiketa, taa za hatari, honi, waipa na wito wa dharura lipoteze alama.

Wapo walioruka hadi upande wa pili kabisa. Slate, pikapu ndogo ya umeme iliyoonyeshwa Marekani Aprili 2025, ina vioo vya madirisha vya kuzungusha kwa mkono, kiyoyozi cha vitasa, haina redio wala skrini katikati ya dashibodi. Simu yako ndiyo itakaa hapo ukipenda. Imebakizwa skrini ndogo moja tu nyuma ya usukani, na hata ingetaka isingeweza kuikwepa: tangu Mei 2018 gari jipya la kiwango hicho haliuzwi Marekani bila kamera ya nyuma, na picha ya kamera lazima ionekane mahali.