Mwezi mmoja, sikukuu tatu: somo la darasa la awali

Muulize mtoto wa miaka minne Iddi ni nini, atakwambia nguo mpya na pilau. Muulize Krismasi, atakwambia nguo mpya na pilau. Hajakosea. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam na Mombasa sufuria ni ileile, na sahani iliyofunikwa kawa hupelekwa kwa jirani ambaye siku hiyo si sikukuu yake. Mwalimu ndiye anayeharibu pale anapotaka kulisahihisha jibu hilo kwa mawaidha. Mtoto wa umri huo hushika anachokiona na kukionja. Mambo ya ufufuo na ya kushuka kwa Kurani yatamfikia kwa wakati wake, nyumbani, kanisani au madrasani.

Ndiyo maana sisi tunaowafunda walimu wa awali tunawashauri waanze na mwezi wa angani, ambao kila mtoto anaujua. Iddi el-Fitri husubiri mwezi mwandamo. Jioni ya Ramadhani 29 watu hutazama upande wa magharibi, na usipoonekana hufungwa siku ya 30. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko ule wa jua kwa siku 11 hivi, basi Iddi huhamahama: ya masika leo, miaka ikipita huwa ya kiangazi. Pasaka nayo ina mwezi wake, ila ni mwezi mpevu. Makanisa mengi huihesabu kuwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia 21 Machi, kwa hiyo haitangulii 22 Machi wala haipiti 25 Aprili. Diwali ya Wahindu huja usiku wa giza, mwezi haupo kabisa, Oktoba au Novemba, na hapo vijitaa vya mafuta hupendeza kweli.

Hesabu hizi ni za mwalimu. Watoto wape karatasi na mkasi usio na ncha: mmoja akate mwezi mwembamba kama ukucha, mwingine duara zima, mwingine apake duara rangi nyeusi. Kila sikukuu ikikaribia, mwezi wake ubandikwe ukutani wiki nzima, na jioni watoto wautazame wa kweli pamoja na wazazi. Yupo atakayeuliza mwezi wa Krismasi uko wapi. Mwambie haina, ni 25 Desemba kila mwaka.

Ibada isiigizwe darasani. Kumsujudisha mtoto wa Kikristo, au kumfanyisha ishara ya msalaba mtoto wa Kiislamu, eti anajifunza, huwaudhi wazazi, na wana haki. Tumia maneno “Wakristo huamini”, “Waislamu hufanya”. Usimgeuze mtoto wa miaka mitano kuwa msemaji wa dini yake. Muulize tu kwao walipika nini.

Wala usiulize nani amenunuliwa nguo mpya. Wapo ambao hawakununuliwa, na wapo ambao kwao sikukuu hiyo haipo: Mashahidi wa Yehova, kwa mfano, hawasherehekei Krismasi. Mtoto kama huyo asitolewe nje kukaa peke yake. Apewe naye karatasi akate mwezi.

Vyakula viagizwe baada ya kuwauliza wazazi, maana ladu, vitamutamu vya Kihindi, huweza kuwa na korosho au lozi, na nyama lazima ijulikane imechinjwa na nani.