Danzig, mji wa madalali wa silaha: namna ya kuujenga kwenye modi ya Hearts of Iron IV

Hearts of Iron IV ni gemu ya mikakati ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, na modi ni mabadiliko ambayo wachezaji huyaandika juu yake. Modi nyingi za historia mbadala hukosea palepale mwanzoni: mji mdogo unapewa viwanda 20 vya silaha, kisha unaitwa mfalme wa soko. Hesabu inakataa. Kiwanda kimoja cha silaha hutoa pointi 4.5 kwa siku, na bunduki za askari wa miguu, kwenye msimbo infantry_equipment_1, hugharimu 0.5 kila moja. Laini mpya ya uzalishaji huanza na ufanisi wa asilimia 10, na ukomo wake kabla ya utafiti ni asilimia 50. Kwa hiyo viwanda 6, ndiyo nafasi zote za jimbo la mji, vitaanza na bunduki 5 hivi kwa siku. Vikifika kwenye ukomo vitatoa 27, yaani 810 kwa mwezi. Divisheni yenye batalioni 9 za askari wa miguu inahitaji 900. Mji mzima umetoka jasho mwezi mzima, na divisheni moja haijatimia.

Mji kama huu unaishi kwa kupitisha mali ya wengine. Ndiyo maana nauchagua Danzig, Gdańsk ya leo nchini Poland: historia yake yenyewe inakupa kila unachohitaji.

Danzig ulikuwa na kiwanda cha bunduki cha Prussia, na bunduki nyingi za Gewehr 98 zilitoka huko zikiwa na jina la mji. Ulipofanywa Mji Huru mnamo Novemba 1920 chini ya ulinzi wa Shirikisho la Mataifa, katiba yake ilikataza kutengeneza zana za vita bila idhini ya Shirikisho hilo. Lakini bandari ilibaki, na Poland iliihitaji. Kiangazi cha 1920, Jeshi Jekundu likiwa linasonga kuelekea Warsaw, makuli wa Danzig waligoma kupakua silaha za Poland. Tukio hilo ni mojawapo ya sababu zilizoifanya Poland ijenge bandari yake pale Gdynia na kudai bohari yake ya kijeshi mdomoni mwa bandari ya Danzig. Shirikisho liliipa Westerplatte mwaka 1924. Tarehe 1 Septemba 1939 meli ya kivita ya Ujerumani, Schleswig-Holstein, iliipiga mizinga bohari hiyo hiyo.

Tawi la historia ninalolipendekeza ni dogo: badala ya Poland kupewa Westerplatte, Seneti ya Danzig inaimiliki bohari yenyewe na kumtoza ushuru kila anayepitisha shehena. Usibadilishe kingine. Ukiongeza mfalme, mapinduzi na himaya mpya, mchezaji hataona tena kwa nini mji huu upo.

Sasa mafaili. Kwanza fungua common/country_tags uhakikishe lebo yako ya herufi tatu, alama ya nchi yako kwenye msimbo, haijachukuliwa. Faili la jimbo liko history/states. Liweke jimbo kwenye kundi la city, lenye nafasi 6 za majengo: viwanda 3 vya kiraia, karakana 2 za meli, kiwanda 1 cha silaha. Hicho kimoja kinatosha kurekebisha upungufu wako. Miundombinu isizidi 5, maana ndio ukomo wa sasa. Modi zilizoandikwa kabla ya mwisho wa 2021 zilitumia hadi 10, na ukinakili kutoka huko utajaza error.log, faili la makosa la gemu. Bandari ya kijeshi haili nafasi hizo 6, ila lazima iandikwe ndani ya namba ya provinsi (kipande kidogo cha jimbo) ya pwani. Ukiiandika kwenye ngazi ya jimbo kama kiwanda, haitakaa.

Moyo wa kazi uko kwenye maamuzi, common/decisions. Uamuzi mmoja nauita “Shehena ya ng'ambo”: unagharimu pointi 50 za kisiasa, unachukua siku 45, na mwisho wake amri ya add_equipment_to_stockpile inaingiza bunduki 1,500 ghalani. Nchi hupata pointi 2 kwa siku kabla ya nyongeza, yaani 90 kwa siku 45. Shehena moja inalipika vizuri. Mbili kwa pamoja zinadai 100, kwa hiyo mchezaji mwenye tamaa atakula akiba. Kuuza waachie soko la silaha lililokuja na nyongeza ya kulipia ya Arms Against Tyranny mwaka 2023. Humo mnunuzi hulipa kwa viwanda vya kiraia, navyo hukufanyia kazi hadi mkataba uishe. Kwa mji wenye viwanda 3 vya kiraia, kuongezewa 2 ni utajiri. Mchezaji asiye na nyongeza hiyo mwandalie uamuzi wa send_equipment, na usisahau sharti la has_equipment. Bila sharti hilo mnunuzi atakatwa malipo na ghala halina kitu.

Kisha makuli. Hii ndiyo sehemu ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu bila wao mji ni duka tu. Tengeneza kigeu (namba inayobadilika) cha uvumilivu wa gati, kianze na 70. Kila shehena inapunguza 10. Kila wiki kinapanda 1. Kikishuka chini ya 30, mgomo: maamuzi yote ya shehena yanafungwa kwa siku 30. Gemu huanza Januari 1936. Anayeleta shehena moja moja hupoteza kama 3.6 kila mzunguko, basi mgomo wake utakuja kati ya katikati na mwisho wa 1937. Anayeleta mbili kwa pamoja ataonana na makuli kabla mwaka 1936 haujafika nusu. Tumia clamp_variable kukibana kati ya 0 na 100, na upandishaji uuweke kwenye on_weekly yenye lebo ya nchi yako. Ukiuweka kwenye hesabu ya kila siku kwa nchi zote, gemu itakokota miguu.

Ulinzi ni mfupi. Mji ulikuwa na watu kama 400,000. Kwa sheria ya wanaojitolea, asilimia 1.5, unapata askari 6,000, sawa na batalioni 6. Hawatamzuia Mjerumani. Kinga ni wateja: kila anayenunua mara tatu apewe nafasi ya kuudhamini mji kwa give_guarantee. Fokasi (lengo la taifa) ya Ujerumani ya “Danzig or War” imeandikwa ikiilenga Poland, kwa hiyo irekebishe masharti yake, la sivyo Ujerumani itadai mji kutoka kwa asiyeumiliki.

Mafaili ya maandishi yahifadhi kwa UTF-8 yenye BOM (chaguo la kuhifadhi kwenye kihariri chako), na jina liishie _l_english.yml. Ukiona kwenye skrini majina ya msimbo badala ya sentensi zako, tatizo karibu kila mara ni hilo.

Ukimaliza, washa gemu kwa -debug, andika observe kwenye konsoli, uache kompyuta icheze hadi Septemba 1939. Kama hakuna mgomo hata mmoja uliotokea, kompyuta haichukui shehena: pandisha ai_will_do, uzito wa kompyuta kuuchagua, ya uamuzi ule, ujaribu tena.