Mikono Isiyofaa Kuombea Sadaka: Somo la Vellore kwa Wanaotaka Kwenda Misheni

Ukoma hauli vidole. Wanafunzi wa fiziotherapia wanapokuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo, hilo ndilo la kwanza ninalowafundisha, na kila mara wapo wanaoshtuka, maana wamekua wakisikia kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe na vidole kudondoka kimoja kimoja. Vimelea vya ukoma hushambulia neva, yaani mishipa ya fahamu. Neva ikifa, ngozi hupata ganzi, misuli midogo ya kiganja hulegea na vidole hujikunja. Yanayofuata, yaani kuungua, vidonda, usaha unaofika hadi mfupani, hutokana na mtu kutosikia maumivu. Aliyetusaidia sana kulijua hilo ni Paul Brand, daktari mmisionari aliyehudumia maskini kusini mwa India. Nasimulia habari zake kwa ajili ya vijana wa makanisani wanaoniuliza jinsi ya kwenda kumtumikia Mungu nchi za mbali.

Mahali penyewe ni Vellore, katika jimbo la Tamil Nadu. Hospitali ya pale ilianza mwaka 1900 kwa zahanati ya kitanda kimoja ya Ida Scudder, binti wa wamisionari wa Kimarekani. Usichanani mwake hakutaka kabisa kazi ya wazazi wake. Usiku mmoja walimjia wanaume watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wakimwomba awasaidie wake zao waliokuwa katika uchungu mzito wa kuzaa. Yeye hakuwa na ujuzi. Baba yake alikuwa daktari, lakini waume wale hawakukubali mwanamume awaguse wake zao. Kulipokucha, wanawake wote watatu walikuwa wamefariki. Ida akarudi Marekani kusomea udaktari, na mwaka 1918 akafungua Vellore chuo cha udaktari kwa wanawake wa India wenyewe. Kwangu mimi hilo la chuo ndilo kubwa kuliko zahanati.

Paul Brand alifika hapo mwaka 1946 kufundisha upasuaji. India haikuwa ugeni kwake: alizaliwa mwaka 1914 katika milima ya Kolli, wazazi wake wakiwa wamisionari huko. Siku moja alikwenda kutembelea kituo cha wagonjwa wa ukoma cha Chingleput, kilichokuwa chini ya Dk. Robert Cochrane, akauliza kwa nini mikono ya watu wale imepinda vile. Akagundua kwamba madaktari wa mifupa hawakuwa wamejishughulisha nayo. Akamwomba mgonjwa mmoja amkamate mkono na kuubana kwa nguvu zake zote. Alibanwa hadi akaumia. Mkono uliodhaniwa umekufa ulikuwa na nguvu tele.

Nguvu hizo zilitoka kwenye misuli iliyo kati ya kiwiko na kifundo cha mkono. Uchunguzi wa Vellore ulionyesha kwamba neva huvimba na kuharibika pale zinapopita karibu na ngozi, kama nyuma ya kiwiko, ambapo pana ubaridi kidogo na vimelea hustawi. Misuli isiyotegemea sehemu hizo hubaki mizima. Basi Brand alichukua kano ya msuli mzima, yaani ule ugwe unaouunganisha msuli na mfupa, akaigawa, akaipitisha kiganjani na kuishonea kwenye vidole vilivyojikunja. Plasta ikitolewa, ndipo inapoanza kazi yetu sisi watu wa mazoezi. Unamwambia mgonjwa akaze msuli kama alivyozoea, na badala ya kidole cha zamani kukunjwa, vingine vinanyooka. Kwa kuwa hana hisia, hana budi kuvikazia macho vidole vyake muda wote ili aone kama vimetii. Zoezi hilo huchosha akili kuliko mwili, na ni la majuma mengi.

Hapo wengi tungepiga picha, tukaandika ripoti kwa wafadhili na kuhesabu kazi imekwisha. Lakini waliopasuliwa walirudi wakiwa na huzuni. Mmoja alimweleza Brand kwamba mikono hii mipya haifai kuombea sadaka. Ilipokuwa imepinda, wapita njia walimtupia sarafu. Sasa imenyooka hapati kitu, na alama za ugonjwa bado zinamnyima kazi na chumba cha kupanga. Mtu amepona mkono, akabaki na njaa.

Kwa hiyo mwaka 1951 kikajengwa kijiji kidogo katika eneo la chuo, kilichoitwa Kituo cha Maisha Mapya, na vijana wakafundishwa useremala. Kuishi nao karibu ndiko kulikofichua siri ya vidole. Mtoto mmoja alizungusha ufunguo kwenye kufuli lenye kutu lililomshinda Brand mwenyewe, damu ikamchuruzika. Alikuwa amechanika hadi mfupa ukaonekana, wala hakujua. Wengine walishika vyungu vya moto au vishikizo vya zana vyenye vibanzi. Kisha pakawa na fumbo la vipande vya vidole vilivyopotea usiku. Walipokesha kuvizia, wakaona panya anamtafuna mtu aliyelala usingizi mzito. Tangu hapo, mgonjwa akiruhusiwa kurudi kwao alipewa pia paka wa kwenda naye.

Mambo haya hayaonekani kwa mgeni wa wiki mbili. Nasema wazi, wadogo zangu: safari fupi za kugawa nguo na pipi mnazochangishiwa kanisani sizipendi. Nauli ile ingemlipa fundi viatu wa hospitali kwa muda mrefu. Na fundi viatu ni mtu mkubwa katika kazi hii. Katambuga za tairi huzuia miiba vizuri, lakini kwa ndani ni ngumu. Mguu wenye ganzi unahitaji mpira laini unaokaa chini ya unyayo na soli sugu nje yake. Vellore walikuwa na karakana yao ya viatu vya namna hiyo.

Kingine kinachonigusa ni Mary Verghese, daktari wa Kerala. Ajali ya gari ya mwaka 1954 ilimpoozesha miguu. Brand alimfundisha upasuaji wa mikono, naye akawapasua wagonjwa wa ukoma akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu, kisha akaongoza idara ya utengamao, yaani ya kuwarudishia wagonjwa uwezo wa kujitegemea, pale pale Vellore. Brand alipohamia hospitali ya ukoma ya Carville, Marekani, mwaka 1966, kazi haikusimama.

Huko Carville yeye na wenzake walitumia maarifa yale yale kwa miguu ya wagonjwa wa kisukari. Nami leo, kliniki ya kisukari, namwambia mzee afumbe macho, namgusa unyayo kwa uzi wa nailoni unaopinda kwa uzito wa gramu 10, naye aniambie anaposikia. Asiposikia, tunazungumza habari za viatu na kukagua miguu kila jioni kabla hata kidonda hakijatokea.

Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakuambia usome kwanza fani moja hadi uiweze, ujifunze lugha ya watu unaowaendea, na uiulize hospitali itakayokupokea ni nani wa pale utakayemfundisha. Mama yake Brand, Evelyn, alipoambiwa na misheni kwamba umri wake wa kustaafu umefika, alirudi milimani kwa hiari yake na kuhudumu hadi uzeeni kabisa.

Wapo pia watakaosoma haya kwa sababu nyingine. Kama una baka mwilini lililofifia rangi na halisikii ukiligusa, nenda kituo cha afya wiki hii. Dawa za ukoma hutolewa bure, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina ya ugonjwa, na ukiwahi kabla neva hazijaharibika, vidole vyako vitabaki vizima.